Kundi la watu wazima wenye usonji linavunjika kwa ugomvi, nianzie wapi?

Admini wa Zamu:
Wakuu, salaam. Nasimamia kundi la WhatsApp la watu wazima wenye usonji (autism). Tuko 26, na kila mwezi tunakutana Dar kwenye chumba kimoja cha kukodi. Watu walikuja wakitafuta mahali ambapo hawatalazimika kujifanya hawana usonji. Mwezi huu wanne wamelefti. Kuna mwenzetu akifurahi huimba na kugonga meza. Mwingine kelele hiyo inamchoma masikio mpaka anatoka nje. Yupo anayesahihisha kila kosa mbele za watu. Na wapo wanaotaka walio kimya waondolewe. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kona:
Mkuu, anza na kelele, na usipige kura. Kura itamgeuza mmoja kuwa mkosaji, wakati wote wawili wana haki: anayegonga meza ndivyo mwili wake unavyojituliza, na yule mwingine anaumia kweli, hadeki. Ukimkataza wa kwanza atajibana nusu saa, kisha azidiwe.

Gawa nafasi na muda. Mgongaji akae upande wa veranda, mwenzake pembe ya mbali. Kanga iliyokunjwa mara nne chini ya viganja inapunguza sana mlio wa mbao. Dakika 40 za utulivu, 20 za kutoka nje ambako kuimba ni ruksa, na saa iwe ukutani wote waione. Siku mbili kabla tuma ujumbe: mtakuwa wangapi, feni ina kelele au haina, choo kiko wapi, mnamaliza saa ngapi. Ukibadilisha kitu dakika za mwisho, watu wanafika wakiwa wameshachoka, na neno dogo tu linawasha moto.

Binti Shangani:
Ongezea kadi za rangi. Zilitumika Autreat, mikutano iliyoanza mwaka 1996 huko Marekani, ikiandaliwa na watu wenye usonji wenyewe chini ya Autism Network International ya Jim Sinclair na wenzake. Nyekundu: msinisemeshe. Njano: wanisemeshe ninaowafahamu tu. Kijani: natamani kuongea ila kuanza kunanishinda, njoo uanze wewe.

Kata manila, toboa, tia uzi. Andika na neno lenyewe juu ya kadi, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kila mtu apewe zote tatu, kwa sababu aliye kijani saa nne anaweza kuwa nyekundu saa sita.

Kanuni Kwanza:
Kaka, nakuja kwa msahihishaji. Damian Milton, mtafiti Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kunatoka pande zote mbili. Wengi wakachukulia kwamba wenye usonji peke yao wataelewana tu. Haiendi hivyo. Msahihishaji anaona anakusaidia. Aliyezoea kuchekwa shuleni na kazini anaona anaanza kufukuzwa tena.

“Tuheshimiane” haimwambii mtu afanye nini. Andika hivi: “Hadharani sahihisha kosa la dawa, fedha, saa au mahali tu. Mengine inboksi, mara moja tu, usirudie.”

Ugomvi ukiwaka, funga kundi waandike maadmini peke yao kwa saa 24. Kila mmoja wa waliogombana akuletee sentensi tatu: nini kiliandikwa (anakili kilivyo), nilielewa nini, nataka nini sasa. Ujumbe wako wa kwanza kwa wote wawili uanze na “Hutolewi kundini kwa jambo hili.” Usipouweka mstari huo, akili yao yote itabaki kwenye kutolewa. Usidai jibu papo hapo. Wengine huchukua siku mbili kujua kama wamekasirika au wameumia. Wala usiwakalishe waombane msamaha macho kwa macho, maandishi yanatosha.

Ila anayetisha wenzake, au anayepiga picha za skrini na kutangaza nani ana usonji, mtoe siku hiyo hiyo. Hayo si mahitaji yanayogongana. Kuna mtu atapoteza kazi.

Tulizana:
Walio kimya waacheni, tafadhali. Kusoma ni kushiriki. Kwenye mkutano wapeni kazi zisizohitaji maneno: kupanga viti, kushika saa, kumimina chai. Kazi iwe yake kila mwezi, asipokonywe. Mtu anayejua viti vinamsubiri ana sababu ya kurudi. Na msidai cheti cha daktari mlangoni. Wataalamu wa kupima watu wazima ni wachache, mtawafungia nje wanaowahitaji zaidi.

Admini wa Zamu:
Ahsanteni sana. Manila nanunua kesho. Asiyechukua kadi yoyote je?

Binti Shangani:
Mhesabu kuwa ni nyekundu. Chai yake iweke mezani karibu naye, uondoke.