Naomba ushauri: Nane Nane Morogoro na baba mkwe mwenye goti bovu na watoto watatu, treni au gari?

MamaWatatu_Segerea

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Naomba mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani tumevutana mpaka tumechoka. Baba mkwe anaishi na sisi Segerea tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana. Ni mkulima wa mpunga wa Mang'ula, Kilombero, zaidi ya miaka arobaini jembe mkononi, na sasa shamba lake ni mchicha niliomtengea kwenye ndoo mbili pale uani. Halalamiki. Lakini tangu Julai ianze, taarifa ya habari ikitaja maonyesho ya wakulima ya Nane Nane anasogeza kiti karibu na tivii. Juzi akawa anamwambia mjukuu wake, "Msimu huu mimi huwa nimeshaingiza magunia ndani, natembea kuona wenzangu wamepata nini." Nilikuwa jikoni, nikajua mzee ameomba bila kuomba.

Mume wangu anataka twende tarehe nane yenyewe kwa sababu ni sikukuu, na kaka yake atatuazima Noah. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi nataka treni, tena siku ya katikati ya wiki kabla ya kilele, ila yeye itabidi aombe ruhusa kazini. Watoto wana miaka 11, 7 na 2. Mfukoni tuna 350,000 ya kila kitu, na msiniambie nikope.

Mzee anatembea na fimbo, hatua mia anapumzika. Uwanja ule sijawahi kufika. Nifanyeje?

Kondakta_Mstaafu

Dada, barabara ile nimeila miaka kumi na tisa, nisikilize. Dar hadi Moro ni kama kilomita 190 na kwenye karatasi ni saa tatu. Tarehe nane si karatasi. Ukitoka Segerea utaunga Morogoro Road na kila mtu mwenye wazo kama la mumeo. Kibaha mnabanana, Mlandizi mnabanana, Vigwaza pale mizani malori yamepanga mstari, Chalinze wa Tanga na wa Moro wanagombea njia. Katikati kuna vijiji vya hamsini, na vijana wa tochi za kupima mwendo siku za sikukuu hawalali. Ukitaka kukimbiza ufidie muda ndipo faini inakukuta.

Kwenda na kurudi kwa Noah weka lita 40 za mafuta, kwa bei za sasa hiyo inapita laki moja. Na mzee mwenye goti la kupasuliwa akae amekunja mguu saa nne au tano? Akifika hawezi hata kushuka.

Mumeo mwambie kondakta kakataa.

Binti_wa_Kihonda

Karibuni Moro! Kondakta kasema kweli, ongezea hii: treni ya SGR hadi huku ni chini ya saa mbili na mzee ananyoosha mguu. Nauli ya kawaida 13,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 hadi 12 ni nusu, 6,500, na huyo wa miaka miwili hamlipii. Piga hesabu: watu wazima watatu 39,000, watoto wawili 13,000, jumla 52,000. Kwenda na kurudi 104,000. Sawa na mafuta ya Noah, bila tochi.

Kata tiketi mapema kwa simu, wiki ya Nane Nane zinaisha. Mzee asisahau kitambulisho. Na mfike stesheni mapema, milango inafungwa kabla ya treni kuondoka na hawamjui mtu. Nimeona baba mzima na begi lake anapungia behewa.

Stesheni ya huku iko Kihonda, nje kidogo ya mji, na uwanja uko Tungi, barabara kuu ya kwenda Dar. Mtahitaji bajaji mbili kwa sababu ninyi ni sita. Patana bei kabla ya kupanda, wiki hiyo wanatuona wote wageni, hata sisi wenyeji.

Tajiri_wa_Mawazo

Sasa mtu anatoka Dar na laki tatu na nusu kwenda kuangalia kabichi? Kabichi ziko Ilala. Si mngempeleka Sabasaba mwezi uliopita, Kilwa Road tu hapo, daladala moja? Watu mnapenda gharama.

MamaWatatu_Segerea

Mkuu, Sabasaba tulimpeleka. Aliangalia masofa na majiko ya gesi, akauliza mbegu ziko wapi. Tukarudi nyumbani.

Bwanashamba_Mvomero

Huyo Tajiri msameheni, hajawahi kulima.

Mama, nimesimamia vipando, yaani mashamba ya mfano, vya halmashauri pale uwanjani misimu kadhaa, kwa hiyo nazungumza ninachokijua. Usafiri mmeshaelezwa. Mimi nakuuliza: mzee anataka kuona nini? Usinijibu mimi, kamuulize yeye. Familia nyingi zinakuja na mzee wao, zinamzungusha mabanda sitini, kila banda dakika mbili, anapewa vipeperushi ambavyo hawezi kusoma bila miwani, saa saba mchana amekaa kwenye kreti ya soda amenuna. Wanasema mzee amechoka. Hajachoka, hakupata mtu wa kuzungumza naye.

Mkulima wa mpunga wa Kilombero muulize habari ya mbegu za SARO na Supa uone. SARO 5 inazaa sana, ndiyo maana ilienea, lakini wazee wengi hawajaisamehe kwa sababu harufu yake haifikii Supa. Hayo ndiyo mazungumzo yake. Mpeleke kwanza kwenye vipando vya mpunga, kabla ya kitu kingine chochote, miguu ikiwa bado mipya. Tafuteni banda la watafiti wa kilimo wa TARI, kituo chao cha Dakawa kiko hapa hapa mkoani na kazi yao ni mpunga. Mwambieni kijana wa zamu: huyu kalima miaka arobaini. Basi, mwacheni hapo. Mmoja abaki naye, wengine mkazunguke.

Tarehe nane msije. Siku ya kilele ni ya mgeni rasmi, spika na vumbi. Wataalamu wamevaa sare wamepanga mstari, nani atakaa na mzee kuhesabu punje? Na mchana mabanda mengi yanaanza kufungasha. Njooni tarehe nne, tano, sita, asubuhi. Kuanzia saa tatu hadi saa sita bwana shamba bado ana sauti.

Bibi_Zuhura_Mbagala

Mwanangu, mimi nina wajukuu tisa, usiwasahau watoto kwa ajili ya mzee. Huyo wa miaka saba ndiye anayepotea, wa miwili unambeba na wa kumi na moja anajua jina la baba yake. Andika namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa huyo wa saba, ndani ya kiwiko pasipofutika kwa jasho. Wote wavae rangi moja inayoonekana mbali.

Beba chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, maji mengi. Nyama choma ya pale ni tamu ila ukilisha sita kila njaa inapokuja 350,000 itaisha kabla ya adhuhuri. Chukua kanga mbili, moja ya kumkalisha mtoto, moja ya vumbi. Asubuhi Moro wakati huu ina baridi ya mlimani, mzee avae sweta. Na beba kigoda kile kidogo cha mbuzi ya nazi au kiti cha kukunja. Hatua mia, anakaa. Hatua mia, anakaa. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyokwenda sokoni.

Dogo_Stesheni

Watoto watapenda treni, wataona mahandaki!

Binti_wa_Kihonda

Dogo, mahandaki yako mbele ya Moro, upande wa Kilosa. Usiwadanganye watoto wa watu. Ila kuna lile daraja refu linalopita juu ya Ilala mkitoka Stesheni. Dada, kwa Segerea unaweza kuvutiwa kupandia Pugu, ni karibu kwako na treni ya kawaida inasimama. Mtapumzika foleni ya mjini lakini daraja mtakuwa mmelikosa.

Wa miaka saba mpelekeni banda la SUA, chuo kikuu cha kilimo cha huku, muulizie habari za panya. Ndio, panya. Panya buku wanaofundishwa huku Moro na shirika la APOPO wakishirikiana na chuo, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja aliyeitwa Magawa alizaliwa huku, akapelekwa Cambodia, akanusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Mtoto wangu tangu asikie hilo hataki tutege panya nyumbani, kwa hiyo tahadhari.

Mwalimu_Mstaafu_Kimara

Kwa nini msilale? Mngelala usiku mmoja mkapumzika.

MamaWatatu_Segerea

Shikamoo mwalimu. Nilifikiria, lakini vyumba viwili na chakula cha jioni bajeti inapasuka. Pia mzee kitanda cha ugenini hakimpi usingizi tangu upasuaji.

Nimemuuliza kama bwana shamba alivyosema. Nikamwambia, "Baba, tukienda Moro ungependa kuona nini?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mpunga uliosimama." Basi. Mume wangu alikuwa pembeni, hakusema kitu, usiku akaniambia ameomba ruhusa ya tarehe tano. Noah abaki nayo mwenyewe.

Kondakta_Mstaafu

Hapo sawa. Mrejesho tafadhali, msitufanye kama wale wanaoomba ushauri wakipata wanapotea.

MamaWatatu_Segerea

MREJESHO

Tulienda jana, tumerudi salama. Tulipandia Stesheni na si Pugu, kwa ajili ya daraja. Mzee ndiye aliyegandisha uso kwenye kioo, watoto walikuwa wanakula mayai.

Bajaji mbili zilitaka kutunyoa, nikawaambia mimi ni wa Kihonda. Hawakuamini ila walipunguza.

Kipando cha mpunga tulikifika saa tatu na nusu. Kijana wa zamu alianza ile hotuba yake ya kukariri, mzee akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza, "Maji umeyaingiza lini?" Kijana akacheka, akavuta kiti. Tukamwacha na mume wangu. Nilirudi baada ya saa moja na nusu nikakuta watu kama kumi wamewazunguka, mzee anatetea Supa kama anatetea ukoo. Kijana anasema magunia, mzee anasema harufu ya wali. Hakuna aliyeshinda. Ng'ombe, matrekta, mabanda ya mbele, hakutaka hata kimoja. Alikunywa juisi ya miwa, akasema twende stesheni tusije tukachelewa.

Wa miaka saba alipotea dakika sita. Mama mmoja muuza karanga alipiga namba ya mkononi. Bibi Zuhura, Mungu akuweke.

Tumetumia 285,000 pamoja na mchele kilo kumi na kikapu cha machungwa. Panya tumewaona. Mitego nimeambiwa niitupe.

Sasa nina shida nyingine. Kijana wa pale alimpa mzee suke moja la mpunga, akalifunga kwenye leso. Leo asubuhi nimekuta mchicha wangu umeng'olewa kwenye ndoo zote mbili, udongo umelowekwa, na ameniomba lile beseni kubwa la kufulia. Bwana shamba, mpunga kwenye beseni maji yanatakiwa yafike wapi? Na nitafulia nini?