Wanaojifunza pikoboli, sheria ipi ilikutesa? Tupeane uzoefu

Chando_Seattle
Wakuu, habari za wikiendi. Jana pale korti za pikoboli (ule mchezo kama tenisi ndogo, wa vibao na mpira wa plastiki) za mtaani kwetu mzee mmoja wa Kikongo, mgeni kabisa, kagoma kuanza mchezo. Msevu (anayeanzisha mpira) katamka "sifuri, sifuri, mbili", mzee akashusha kibao chini: "Hatujacheza bado, hiyo mbili mmeitoa wapi? Mnaniibia mapema hivi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana hakuna mgeni asiyeuliza hilo.

Shida ya huku jimbo la Washington, mchezo ulizaliwa hapa hapa, Bainbridge Island, mwaka 1965, na tangu 2022 ni mchezo rasmi wa jimbo. Kwa hiyo kila mtu anadhani umezaliwa unaujua. Unapanga kibao chako kwenye foleni pale kwenye uzio, zamu ikifika unaingia na watu watatu usiowajua, na hakuna wa kukuelekeza chochote mpaka ukosee. Basi mwageni yenu, sheria ipi iliwatoa jasho?

Mnyalu_TX
Sifuri sifuri mbili 😂😂 naunga mkono hoja.

MwalimuHesabu
Mpelekeeni mzee wetu hii. Namba ya kwanza ni pointi za upande unaosevu. Ya pili ni za wapinzani. Ya tatu inasema anayesevu ni wa kwanza au wa pili wa upande ule. Mkicheza wawili wawili, nyote wawili mnasevu kabla ya sevu kuhamia ng'ambo. Upande unaofungua mchezo tu ndio unaopewa msevu mmoja ili usijitafunie pointi bure, na huyo anahesabiwa kama wa pili. Ukisikia "nne, sita, moja", jua wanaosevu wana 4, wenzao 6, na bado wana msevu mwingine akiba. Pointi anapata anayesevu tu. Mnaenda mpaka 11, na lazima uzidi kwa mbili.

Buda_wa_Eastlands
Mimi nilikuja Marekani nikiwa na tenisi yangu ya Nairobi, ya miaka mingi, nikaona hiki kikorti cha futi 20 kwa 44 nikajua leo ni kuokota pointi tu. Wapinzani wawili, shosho na rafikiye, mmoja amefunga goti bandeji. Wakasevu, nikarudisha, nikapanda kwenye neti. Hapo sawa. Zamu yangu ya kusevu ikafika. Nikasevu, nikakimbia mbele kama ng'ombe aliyenusa mto, mpira ukarudi mzuri usawa wa kifua, nikauzima hewani. Shosho hata hakujisumbua kuufuata. "Haujadunda, mwanangu." Pointi hakuna. Sevu iliyofuata, vile vile. Iliyofuata, vile vile! Mkono ushazoea, kichwa kinasema ngoja, mkono ushapiga.

Sheria yenyewe nyepesi: sevu lazima idunde kwa anayepokea, na marudio yake lazima yadunde kwa aliyesevu. Kuanzia hapo ndio ruhusa kupiga hewani. Maana yake aliyesevu hana haraka ya neti, akae nyuma. Sisi wa tenisi ndio tunachelewa kuelewa kuliko wasiowahi kushika raketi.

Kipanga75
Huo mchezo wa wastaafu. Rudi tenisi.

Buda_wa_Eastlands
Kipanga wewe karibu uwanjani, shosho bado yupo. Atakunyoosha.

Kipanga75
Nina kazi mbili ndugu yangu, sina muda wa mpira wa plastiki wenye matobo.

Nesi_wa_Bujumbura
Wastaafu hao hao ndio wanaoletwa kazini kwetu na kifundo cha mkono kimevunjika, na vijana pia. Sababu karibu ile ile kila mara: mpira umepita juu ya kichwa, mtu anaufuata kinyumenyume macho yakiwa angani, kisigino kinakwama, anaangukia mkono. Geuka, kimbia kama mtu, ukiwahi umewahi. Hiyo haimo kwenye kitabu cha sheria, lakini mimi ningeanza nayo.

Mnyalu_TX
Au uache upite tu. Pointi moja si kodi ya nyumba.

Shoga_Columbus
Mmenigusa kidonda. Ngojeni niwaeleze ya jikoni.

Kwa wasiojua, jikoni ni ile sehemu ya futi 7 kila upande wa neti. Ukiwa umesimama mle, au umekanyaga mstari wake, huruhusiwi kupiga mpira hewani. Ukishadunda, ingia upige utakavyo. Hiyo nilikuwa naijua vizuri, mimi si mshamba.

Sasa tulikuwa mimi na baba watoto dhidi ya wapangaji wenzetu, mke na mume wa Kimombasa, watu wa heshima. Tuna 10, wao 9, sevu yetu. Pointi moja tumalize. Mpira ukaja juujuu, mimi nipo nyuma ya mstari kabisa, nikaruka, nikaupiga chini kati ya miguu ya shemeji. Hakuna aliyeugusa! Baba watoto kanyanyua mikono, kaanza kuimba.

Yule dada akanyoosha kidole. Mtandio wangu ulikuwa umeteleza wakati naruka, umelala jikoni. "Samahani mwenzangu, hilo kosa." Nikamwambia miguu yangu iko wapi? Ona miguu! Akasema si miguu, ni chochote ulichovaa au kushika, kikianguka mle kwa ajili ya ule ule mpigo. Nikageuka kwa mume wangu anitetee. Mume wangu, mbele ya watu, anasema: "Ni kweli, mama, nimeisoma."

Umeisoma! Umeisoma lini, na kwa nini hukuniambia nifunge pini?

Tukapoteza 12 kwa 10. Kwenye gari hakuna aliyesema neno. Nyumbani nikampakulia wali bila mchuzi.

Mnyalu_TX
Wali mkavu 😭😭😭

Binti_Makorora
Shoga pole. Ila mwanaume wa kukusaliti pointi ya mwisho huyo wa kumchunguza.

Chando_Seattle
Jamani turudi kwenye mada.

Kipanga75
Mada ndiyo hii. Shoga, mchuzi alipata siku gani?

Mtu_wa_Neti
Huyo dada hakuwa sahihi. Mpira ulishakufa, pointi ilishaisha, mtandio ukaanguka baadaye. Kitu kilichotokea baada ya pointi hakihesabiwi.

MwalimuHesabu
Alikuwa sahihi. Kwenye jikoni hata mpira ukifa kwanza, kama kasi ya mpigo wako ndiyo iliyokupeleka mle, wewe au kofia yako au miwani yako, ni kosa. Hata ukimgusa mwenzako aliyesimama jikoni. Hiyo ndiyo inayowaliza watu.

Mtu_wa_Neti
Kwetu hatuchezi hivyo.

MwalimuHesabu
Kwenu chezeni mnavyotaka, nimejibu la sheria.

Shoga_Columbus
Mchuzi alipata kesho yake. Na sasa nafunga pini mbili.

Juma_Sharjah
Mbona mnanichanganya? Sisi huku mpira ukigonga kioo cha nyuma tunaendelea kucheza. Na jikoni hatuna.

Buda_wa_Eastlands
Juma, hiyo ni padeli, mchezo mwingine kabisa. Yenu ina kuta, yetu haina.

Juma_Sharjah
Aaa. Basi nimesoma uzi wote bure. Lakini ya wali imenifaa.

Kasuku_wa_Dar
Mimi ni sevu. Nilikuwa naipiga ya kutoka juu, kama ninavyoona tenisi kwenye runinga, nikaambiwa hapana: mkono utoke chini kwenda juu, mpira upigwe chini ya kiuno, uende kona ya mshazari, na uvuke jikoni pamoja na mstari wake. Ukidondokea mstari wa jikoni umekosa, mistari mingine yote ni ndani. Mara nne kati ya tano naipeleka kwenye neti. Mwenye dawa?

Binti_Makorora
Dondosha mpira udunde kwanza ndipo upige. Inaruhusiwa.

Mtu_wa_Neti
Hairuhusiwi hiyo. Utaonekana mtoto.

MwalimuHesabu
Inaruhusiwa. Sharti uuachie tu, usiurushe juu wala kuubamiza chini. Ukishadunda ule mpaka wa kiuno haukuhusu tena. Na sevu ikigusa neti ikaangukia kwenye boksi sahihi, lile la mshazari, mchezo unaendelea, harudii mtu. Kurudia kulifutwa 2021.

Mtu_wa_Neti
Sisi tunarudia.

Nesi_wa_Bujumbura
Mtu_wa_Neti kwenu ni wapi hasa? 😂

Mnyalu_TX
Yangu fupi. Mpira unatoka nje wazi kabisa, mimi nimesimama nje ya mstari wa nyuma, nikaudaka niwarudishie kwa adabu. Wakachukua pointi. Usipodunda kwanza ukakugusa, hata ungekuwa umesimama kwenye maegesho, kosa ni lako. Siku hizi nauona unakuja, nakwepa kama deni.

Kasuku_wa_Dar
Na anayeamua umetoka ni nani, maana refa sijamwona?

Binti_Makorora
Wewe mwenyewe kwa upande wako. Ukiwa na shaka, ni ndani, faida ya wenzio.

Kipanga75
Nyinyi mnaaminiana hivyo? Haya. Viatu gani? Nauliza tu, sijasema nakuja.

Nesi_wa_Bujumbura
Vya tenisi, kaka. Usije na vya kukimbilia, soli yake nene inakunja kifundo cha mguu ukienda ubavu.

Buda_wa_Eastlands
Jumamosi saa mbili asubuhi. Namwambia shosho.