Tupeane uzoefu: uliyetoka jeshi la Marekani, ulisomea GI Bill, Montgomery au VR&E?

Mkoba_Mgongoni

Wakuu, salaam. Miezi michache ijayo navua kombati. Nimetumikia miaka minne jeshi la nchi kavu, sasa niko Killeen, Texas. Niliingia na grini kadi ya bahati nasibu nikitokea Minnesota. Nataka kusomea uuguzi, digrii kamili.

Mipango ya serikali ya kutusomesha tuliotumikia ni mitatu. Kuna Post-9/11 GI Bill, yaani Sura ya 33. Kuna Montgomery, Sura ya 30, ile waliyonikata dola 100 kila mwezi mwaka wa kwanza mpaka zikatimia 1,200. Halafu kuna VR&E, Sura ya 31, ya wenye ulemavu uliotokana na utumishi. Goti na masikio nimeshayawasilisha VA, idara ya waliotoka jeshini, kabla sijatoka, nasubiri asilimia ya ulemavu watakayonipa.

Tafadhali msinibandikie kurasa za VA, nimezisoma hadi macho yakauma. Nataka kusikia wewe ulichukua ipi, kwa nini, na pesa ilikuwa inaingiaje. Mshahara ukikatika kodi ya nyumba haikatiki, na Kakamega kuna mama anayenitegemea.

NesiWaUsiku

Karibu uraiani, ndugu yangu. Mimi niliingia 2014 kwa MAVNI, ule mpango uliochukua watu kwa lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Ulifungwa 2016. Nilipotoka nilichukua Sura ya 33, chuo cha serikali upande wa Dallas, uuguzi huohuo unaoutaka.

Ukiwa na miezi 36 ya utumishi kamili unapata asilimia 100. Chuo cha serikali wanalipa karo yote ya mkazi, inaenda moja kwa moja chuoni, hata huioni. Vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Kinachokulisha ni posho ya nyumba. Inapigwa kwa kiwango cha sajenti wa E-5 mwenye wategemezi, hata kama wewe ni kapera, na wanaangalia msimbo wa posta wa kampasi unakosomea, si wa kitanda unacholalia. Mimi nilikaa mbali ambako kodi ni nafuu, kampasi iko mjini. Tofauti ilikuwa yangu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu hawaambiwi. Posho inalipwa mwezi ukishaisha, na siku za likizo hazilipwi. Muhula ukianza mwishoni mwa Agosti, kinachoingia Septemba ni cha zile siku chache tu za Agosti. Desemba masomo yanakatika katikati ya mwezi, kwa hiyo Januari unapokea nusu mkate, na Januari yenyewe inahesabiwa tangu siku ya kufungua. Mimi Krismasi zote nilifanya zamu za kulea wazee, na siyo kwa kupenda. Toka jeshini ukiwa na akiba ya miezi miwili au mitatu.

Mzigo wako wa masomo uwe zaidi ya nusu muda wote, ukishuka hadi nusu posho inakufa kabisa. Ukidondosha somo katikati bila sababu wanayoikubali, VA wanakudai. Na kila mwezi wanatuma ujumbe wa simu kukuuliza kama bado unasoma, unajibu YES. Ukiunyamazia miezi miwili mfululizo, pesa inasimama. Naona vijana wanaudhani ni utapeli, wanaufuta.

Moja ya mwisho. Miezi yako 36 inaliwa sawasawa, uwe kwenye chuo cha dola elfu mbili au cha elfu ishirini. Masomo ya awali ya uuguzi, biolojia, kemia, takwimu, yanapatikana vyuo vya jamii kwa bei ya kawaida. Yalipie kwa Pell Grant, ule msaada wa serikali usiorudishwa, kama unastahili. Inafika hadi dola 7,395 kwa mwaka, na kupata GI Bill hakukunyimi. Kama bado una muda kazini, chukua somo kwa TA, msaada wa karo wa walio kazini, jeshi linalipa hadi dola 250 kwa krediti, mradi liishe kabla hujatoka.

Mgosi_Houston

Nitakuwa tofauti na dada hapo juu. Kila mtu anakimbilia Sura ya 33 kama vile Montgomery imekufa. Mimi nimesoma kwa Montgomery na sijutii hata kidogo.

Nilisomea mambo ya kompyuta, mtandaoni tupu, chuo cha bei moja kwa miezi sita, takriban dola 4,000. Ukisoma mtandaoni tupu kwa Sura ya 33, posho ya nyumba ni nusu ya wastani wa taifa, dola elfu moja na mia na ushee, basi. Montgomery hawajali uko wapi wala karo ni kiasi gani. Wanakupa wewe mkononi. Kiwango cha aliyetumikia miaka mitatu au zaidi, kuanzia Oktoba 2024, kilikuwa dola 2,438 kwa mwezi ukisoma muda wote. Piga kwa sita: 14,628. Toa karo 4,000. Unabaki na 10,600 na kitu. Kwa Sura ya 33 miezi hiyohiyo ungeshika kama 6,700 za posho na za vitabu kidogo. Hiyo tofauti nilinunulia kiwanja Korogwe.

Lakini ni kwa chuo rahisi cha mtandaoni tu. Uuguzi una mazoezi ya wodini, lazima uende kwa miguu yako, kwa hiyo kwako wewe nakubaliana na NesiWaUsiku. Ila kabla hujabonyeza, jua kwamba ukiiacha Montgomery kwa kuchagua Sura ya 33 huwezi kurudi nyuma. Montgomery nayo ina kikomo cha miaka 10 tangu utoke, wakati Sura ya 33 kwa waliotoka kuanzia 1 Januari 2013 haina kikomo. Na ile 1,200 yako hairudi sasa. Inakuja pamoja na posho ya mwisho, pale utakapoimaliza miezi yote ya Sura ya 33. Ukiishia njiani, sahau.

Babu yangu alipigana Burma akiwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akarudi na koti na medali. Ndiyo maana mimi hizi hesabu nazipiga mpaka senti.

WikendiMoja

Naomba niongee na walio National Guard, wanajeshi wa akiba wa majimbo, maana wakisoma hapo juu watadhani yanawahusu. Niko Worcester, Massachusetts. Miaka sita ya wikendi haikunipa asilimia 100 ya chochote. Wikendi za mazoezi hazihesabiwi kwenye Sura ya 33. Mafunzo ya awali, depo kwa Watanzania, nayo hayahesabiwi kama utumishi wako kamili haujafika miezi 24. Kilichohesabiwa kwangu ni safari ya Djibouti, Camp Lemonnier, miezi kumi hivi. Kati ya miezi 6 na 18 ni asilimia 60. Asilimia 60 ya karo, ya posho, ya vitabu.

Kilichoniokoa ni jimbo. Massachusetts inawasamehe wanajeshi wa Guard karo na ada kwenye vyuo vyake vya umma. Kwa hiyo karo ikawa sifuri, na ile asilimia 60 ya posho nikala. Kila jimbo lina mambo yake, uliza la kwako kabla ya kusaini mkataba mwingine.

KivuHadiDayton

Yambo wote. Mimi wa Bukavu, nilifika hapa mkimbizi, nikaingia jeshi nilipopata grini kadi. Mkoba, umetaja goti na masikio halafu watu wamepita. Hapo ndipo pako.

Asilimia ikifika 20 na ulemavu unakuzuia kazi, omba VR&E KWANZA. Hata 10 inawezekana, ila lazima kizuizi kiwe kizito zaidi. Sababu ni ya mpangilio. Ukitumia VR&E mwanzo, miezi yake haikatwi kwenye GI Bill. Ukitumia GI Bill mwanzo, inakatwa kwenye 48 ya VR&E. Aliyetanguliza 31 anabaki na 33 yake nzima, ya shahada ya pili au chochote.

Wanalipa minervali, yaani karo, yote, hata chuo binafsi, bila kile kikomo cha mwaka cha GI Bill. Vitabu vyote. Kompyuta. Kwa mnaosomea uuguzi wanalipa sare na stetoskopu, kama chuo kimeorodhesha kuwa ni lazima. Posho yao ya kawaida ni ndogo, lakini ukiwa na hata siku moja imebaki kwenye Sura ya 33 unaruhusiwa kuchagua posho ya kiwango cha GI Bill. Kwa hiyo wale wanaoimaliza 33 mpaka tone la mwisho ndipo waje VR&E, wanapoteza hapo.

Kasoro yake ni kwamba huamui peke yako. Kuna mshauri. Mimi nilitaka sheria. Aliangalia digrii yangu akasema inatosha kunipatia kazi, akakataa. Tulivutana, nikaleta matangazo ya kazi ya Dayton na barua ya daktari wa mgongo, mwisho tukaafikiana uhasibu. Subira nyingi, simu hazipokelewi, barua pepe zinajibiwa baada ya wiki. Kwa uuguzi na goti bovu atakuuliza: utasimamaje wodini zamu nzima ya masaa kumi na mawili? Uwe na jibu. Sema kusimamia kesi za wagonjwa, sema kliniki, sema kazi ya nesi ya mezani. Usiende na "napenda kusaidia watu".

Mgosi_Houston

Hapo kwa mshauri umesema kweli. Rafiki yangu alikwenda na karatasi moja tu: kazi anayotaka, mshahara wake, vyuo viwili na bei zake. Akapitishwa siku hiyohiyo.

MamaWawili

Mimi ni mke wa mwanajeshi, na wanaume humu mmesahau familia zenu. Sura ya 33 inaweza kuhamishiwa mke au watoto, lakini LAZIMA ifanyike mtu akiwa bado kazini: awe ametumikia miaka sita na akubali kuongeza minne. Akishatoka, hata akilia. Mume wangu alisaini mwaka wake wa nane. Alinipa miezi 20, watoto mwezi mmojammoja ili majina yawepo, halafu akiendelea kutumikia anabadilisha mgawo. Asiyewekewa hata mwezi mmoja haongezwi baada ya mzazi kutoka.

Mke wa aliye kazini hapewi posho ya nyumba, jua hilo. Mkoba, wewe kwa miaka minne hii haikuhusu, labda usaini tena.

Na kama amesaini mara mbili, kipindi kimoja kikitosheleza Montgomery na kingine 33: kesi ya Rudisill, Mahakama ya Juu ya Marekani, Aprili 2024. Anaweza kutumia zote mbili hadi miezi 48 bila kulazimishwa kuacha moja. Waliowahi kunyimwa wakaombe upya.

Mkoba_Mgongoni

Asanteni sana, sikutegemea haya. Nimeelewa: nasubiri asilimia, naomba VR&E, GI Bill siigusi. Ikikataliwa, Sura ya 33 chuo cha serikali. Montgomery naiweka kando kwa sababu ya wodi.

Mawili yamebaki. Hazlewood ya Texas, ule msamaha wa karo wa hadi krediti 150, itanihusu? Na nikienda kusomea Nairobi kwa GI Bill, karibu na mama?

NesiWaUsiku

Hazlewood hapana. Ni ya waliokuwa wakazi wa Texas walipoingia jeshini au walioingilia hapo. Wewe ni wa Minnesota.

Nje ya Marekani inawezekana kwa chuo kilichoidhinishwa na VA. Karo ina kikomo, posho ni ya kiwango kimoja cha nje. Kwa kozi nyingine ningekuambia nenda. Kwa uuguzi, kama utafanya kazi hapa, digrii ya nje inapitia uhakiki wa vyeti kabla hujaruhusiwa kukaa mtihani, na huo uhakiki unakula miezi mingi. Soma hapa, mama mletee tiketi. NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, ni dola 200, GI Bill inarudisha hata hizo. Tunza risiti.

WikendiMoja

Na uangalie DD-214 yako, cheti cha kutoka jeshini, ikitoka, neno kwa neno. Kwa GI Bill lazima isome "honorable". Ile ya "general" inakupa hospitali, GI Bill haikupi.