Mama ametolewa tumbo lote, uji unamwangusha

Binti wa Umoja:
Habari zenu. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani, wakatoa tumbo lote. Ameruhusiwa kutoka hospitalini, yuko kwangu Umoja. Asubuhi nampa kikombe cha uji wa wimbi wenye sukari ili apate nguvu. Nusu saa haiishi, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, anakimbilia choo. Sasa anaogopa kula na anazidi kukonda. Nimpe nini jamani?

Baba Otis, South B:
Pole sana dada. Mimi pia naishi bila tumbo. Umio wa mama sasa umeunganishwa na utumbo mwembamba, kwa hiyo hakuna pa kukishikilia chakula kiteremke polepole. Uji wa sukari unafika wote kwa mkupuo, utumbo unavuta maji mengi, ndiyo hiyo hali unayoiona. Wimbi hauna kosa, sukari ndiyo mbaya. Upike mzito, utie maziwa na njugu iliyosagwa, mpe vijiko vichache kisha apumzike. Baada ya saa mbili mpe kitu kingine. Mara sita hadi nane kwa siku, kidogo kidogo. Maji na chai asinywe pamoja na chakula, aache nusu saa hivi.

Nyama ilinishinda mwanzoni, omena ndiyo iliyoniokoa. Natoa vichwa, naikaanga kavu hadi ivunjike kwa vidole, naitwanga iwe unga, nanyunyizia kwenye viazi vilivyopondwa. Yai la kuchemsha pia, ndengu zilizoiva sana pia. Githeri ingoje kwanza. Na kila tonge alitafune mpaka liwe laini kabisa, msimharakishe mezani!

Akitetemeka na kuishiwa nguvu saa moja hadi tatu baada ya kula, hapo sukari ya damu imeshuka. Mwambieni daktari.

Nesi mstaafu:
Ameanzishiwa sindano za vitamini B12? Bila tumbo mwili hauifyonzi ipasavyo kutoka kwa chakula. Akiba iliyo kwenye ini huisha taratibu, hivyo upungufu huchelewa kuonekana. Ni matibabu ya maisha. Ulizia pia madini ya chuma, na asilale mara tu baada ya kula.

Binti wa Umoja:
Sindano hakuna aliyetutajia, nitauliza kliniki Jumatatu. Mungu awabariki. Na maziwa lala je? Anayapenda sana.

Baba Otis, South B:
Mpe, ila yasiyotiwa sukari. Aanze na vijiko viwili vitatu, mkiona yametulia muongeze kesho yake.