Kuta zote za ofisi zimevunjwa, mama anakamua maziwa chooni. Nani aliulizwa?

Wakuu, nimevumilia miezi 7, leo naandika.

Ofisi ya zamani ilikuwa na vyumba vidogo, vimechakaa, lakini madirisha yalifunguka. Tukahamishiwa ghorofa ya 9 hapa Posta, Dar es Salaam, jengo la vioo vitupu: ukumbi mmoja, meza ndefu 4, watu 43. Tukaambiwa eti tutashirikiana zaidi. Kushirikiana gani? Mimi ni mhasibu. Naandaa mishahara huku kila anayekwenda kuchota maji ananipitia mgongoni na kusoma nani analipwa nini. Jirani zangu ni huduma kwa wateja, simu haziishi kuita. Tangu tuhamie nimekosea makato ya NSSF mara 2, kitu ambacho hakijanitokea kwa miaka 11.

Saa tisa alasiri jua linatupiga usoni, pazia hakuna, skrini haisomeki. Umeme ukikatika, jenereta inabeba taa na lifti tu. Kiyoyozi kimezima na hakuna dirisha hata moja la kufungua. Watu wanatoka kwenda kupumua kwenye ngazi.

Kinachoniuma kuliko vyote ni dada mmoja wa manunuzi, katoka likizo ya uzazi juzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Anakaa Chanika! Kwenda na kurudi tu hizo saa hazitoshi. Basi anakamua chooni, kasimama, huku watu wanagonga mlango. Chakula cha mtoto, jamani, chooni! Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea.

Nilimfuata afisa utumishi, akasema nafasi hakuna. Wakati chumba cha bodi kipo, kina sofa, friji na kufuli, na kinafunguliwa mara moja kwa miezi 3!

Mchora ramani alikuja mara 2. Alikaa na mkurugenzi, akapima sakafu, akaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa kazi yake anaifanyaje.

Tunaandika barua, 16 tumeshasaini. Mliowahi kudai chumba cha kina mama, mlianzia wapi: kwa mwajiri mwenyewe, chama cha wafanyakazi au OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi)? Barua inapelekwa Ijumaa.