Tupeane uzoefu: mwanafunzi anayeogopa kushika waya unamfanyaje?

Mwalimu_Veyula: Wakuu, habari za jioni. Mada ya elektroniki kidato cha nne inakaribia na hali mnaijua: ukiweka vifaa mezani, wawili wanajenga, waliobaki wanashika daftari, na wasichana ndio wanaopewa kazi ya kuandika. Wanafunzi 48, bredibodi 12 (vibao vya matundu vya kuungia saketi), transista za BC547 (swichi ndogo za miguu mitatu), LED (taa ndogo), LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga) na rezista (za kupunguza mkondo). Anayejua namna ya kumfanya muoga ajenge kwa mkono wake, aseme.

Fundi_Majengo: Wawili kwa bredibodi moja, basi. 24 wanajenga, 24 wanachora saketi na kusoma rangi za rezista, mnabadilishana kipindi kinachofuata. Wakifika wanne, ujue anajifunza mmoja.

Mwl_Kondoa: Bredibodi si ya kuanzia. Mtoto haoni kwamba matundu matano ya safu moja yameungana chini kwa chini, saketi ikigoma anajiona mjinga. Chukua kipande cha mbao, skrubu na washa (pete bapa za chuma), funga miguu ya vifaa kwenye skrubu. Kila kiungo kinaonekana kwa macho. Bredibodi iwe wiki ya pili.

Fundi_Majengo: Mwalimu, skrubu hizo zikilegea utatafuta kosa mpaka kengele ilie. Bredibodi wafundishe kwa mita (ya kupima umeme) dakika kumi tu. Ila zifunikeni, vumbi letu hili la kiangazi likiingia kwenye matundu miguu haishiki vizuri.

Mzee_wa_Mita: Wote mnagombania chombo. Muoga hapati ujasiri siku saketi inapowaka, anaupata siku ameitafuta hitilafu mwenyewe akaikuta.

Chukua taa inayowaka giza likiingia, betri ya volti 9. Kutoka chanya: rezista ya ohmu 470, LED, kisha mguu wa kolekta wa BC547. Mguu wa emita uende hasi. Chanya tena: rezista ya kilo-ohmu 10, potenshiomita (rezista ya kuzungusha) ya kilo-ohmu 100, halafu mguu wa besi. LDR ikae kati ya besi na hasi. Hiyo ya kilo-ohmu 10 msiiache, maana potenshiomita ikizungushwa hadi sifuri bila hiyo, mkondo wote unaingia kwenye besi na transista inakufa. Mwanga ukipungua, ukinzani wa LDR unapanda, besi ikifika volti 0.6 au 0.7 taa inawaka. Kufunika LDR kwa kiganja kunatosha.

Sasa andaa saketi sita mbovu, kila moja na kosa moja. LED iliyogeuzwa. Transista iliyogeuzwa. Waya ambao plastiki yake haijamenywa. Betri iliyokwisha. Waya uliokatikia ndani ya ganda lake. Na lile linalowasumbua wengi: 47k mahali pa 470, kwa sababu rangi ya tatu ni chungwa badala ya kahawia, na darasani penye kiza zinafanana kabisa. LED inatoa mwanga hafifu tu, mtu anailaumu betri.

Kila wawili wapewe mita na saketi moja. Penye LED iliyogeuzwa watakuta karibu volti 9 zote juu yake. Ikiwa nyekundu na inawaka sawasawa, ni kama 2. Wewe weka mikono mgongoni. Ukichomeka waya mmoja tu kwa niaba yake, umemrudisha alikotoka.

Neema_Chamwino: Hilo la mikono mgongoni naliunga mkono.

Amali_Kibaigwa: Betri iwe hiyo hiyo ya 9. Darasa moja la mkoani hapa lilitumia ya bodaboda, volti 12, kwa ajili ya LED inayozimika polepole. Kijana mmoja akageuza kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 1000: ule mstari wenye alama ya kutoa, upande wa hasi, akaupeleka chanya. Sekunde chache kapasita ikapasuka kwa juu, mlio kama wa fataki, moshi mweupe, darasa zima nje. Hakuumia mtu. Ila kijana alihamia dawati la nyuma na hakugusa kitu.

Neema_Chamwino: Jamani! Aliishia wapi?

Amali_Kibaigwa: Alipewa kazi ya ukaguzi. Hakuna saketi iliyopata betri kabla yeye hajaitazama miguu ya kapasita na LED. Wiki ya tatu alikuwa anajenga.

Fundi_Majengo: Mimi ningemwacha kwanza apumzike.

Amali_Kibaigwa: Akipumzika hatarudi, kaka. Na betri ya bodaboda ikibidi kutumika, fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, na miwani.

Mwl_Kondoa: Wengine hawaogopi waya, wanaogopa Kiingereza. Mwacheni aeleze hitilafu kwa Kiswahili, hata Kigogo, kisha aandike sentensi moja ya Kiingereza.

Mzee_wa_Mita: Mtihani hauji kwa Kigogo, mwalimu.

Mwl_Kondoa: Asiyefungua mdomo darasani hata huo mtihani hataujibu.

Mwalimu_Veyula: Asanteni sana. Naanza na zile saketi sita. Mzee, BC547 zikiniishia, za kwenye redio mbovu zinafaa?

Mzee_wa_Mita: Zinafaa, ila soma namba kwanza. BC547 upande bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni kinyume chake. Ukichanganya hizo mbili utakuwa na saketi ya saba.