Hizi dawa za kuweka kwenye petroli zinasaidia kweli pampu na jenereta?

Mkulima_Ruvu

Wakuu habari za kazi, naombeni msaada kwa wazoefu wa injini ndogo. Nina pampu ya maji ya inchi 2, injini yake ni ile ya Kichina ya 168F inayofanana na Honda GX160, nalimia bamia na matikiti huku bonde la Ruvu. Masika yalivyoanza mwezi wa tatu nikaitoa mtoni nikaiweka stoo na petroli yake nusu tenki. Juzi nimeitoa, kamba nimevuta mpaka bega linauma, ikawaka ila nikirudisha choki tu inazima. Nikiiacha kwenye choki inaenda lakini inapanda inashuka inapanda inashuka, maji yanatoka kwa kusuasua. Plagi nimeweka mpya, bado.

Nimeenda duka la spea nikauziwa kichupa cha dawa ya kusafisha mfumo wa mafuta elfu 18, nikamwaga chote kwenye petroli ile ile iliyokuwemo. Hamna badiliko lolote. Sasa hizi dawa zinafanya kazi kweli au ni biashara tu? Miche ishatoka kitaluni iko shambani, leo siku ya nne tunamwagilia kwa ndoo mimi na mke wangu na watoto wakitoka shule.

Fundi_Kijiweni

Pole sana mkuu, na usinunue tena chochote kwanza.

Injini ikikubali choki tu ikakataa ukiirudisha, ujue inapata hewa nyingi mafuta kidogo, choki inaibania hewa ndio maana inaishi. Hapo jeti imeziba, yaani kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Petroli ina vitu vyepesi ndani yake, vile vinavyokupiga harufu ukifungua kidumu, na hivyo ndivyo vinavyoiwasha injini asubuhi ikiwa baridi. Ikikaa miezi vinapaa vinaondoka, kinachobaki kinaingiliana na hewa kinakuwa kama gundi. Kwenye tenki unaweza usione kitu ila kwenye bakuli la kabureta mafuta ni kidogo sana, yanakauka yanaacha utando wa rangi ya chai, ukikwaruza na kucha unatoka kama vanishi ya kabati. Na tundu la jeti halifiki hata milimita 1.

Sasa kuhusu dawa, watu wanazichanganya zote wanaita dawa ya injini wakati kazi zake mbalimbali. Kuna ya kuhifadhi, hiyo inachelewesha petroli kuharibika, lazima uiweke petroli ikiwa mpya halafu uwashe injini dakika kama 10 ili mafuta yenye dawa yafike mpaka ndani ya kabureta. Petroli iliyokwisha kuoza haiifufui. Kuna ya kusafisha, nzuri zake zina kitu kinaitwa PEA, hiyo inatoa uchafu mwembamba taratibu injini ikiwa inafanya kazi. Lakini fikiria mkuu, dawa inasafiri ndani ya petroli, kama kwenye jeti petroli haipiti hiyo dawa itapitaje? Ndio maana elfu 18 yako haijaleta kitu. Ya tatu ni ya kuongeza okteni, yaani petroli isijiwakie yenyewe ikibanwa sana, hiyo kwa pampu achana nayo kabisa, mgandamizo wa hizi injini ni mdogo, petroli ya kawaida ya sheli inatosha.

Fanya hivi. Petroli yote ya zamani mwaga kwenye dumu, usiirudishe. Funga koki ya mafuta, chukua spana namba 10 fungua bolti ya chini ya kabureta, bakuli litashuka, angalia floti, lile boya la ndani, isianguke na ile pete ya mpira usiipoteze. Katikati utaona jeti ya shaba, ifungue na bisibisi bapa inayokaa sawasawa usije ukaikata mdomo. Iloweke kwenye kabu klina, ile dawa ya kusafishia kabureta, kisha tafuta uzi mmoja wa waya laini wa umeme upitishe. USITUMIE sindano wala msumari, shaba ni laini utapanua tundu na mafuta utayanunua mara mbili. Inyanyue uiangalie kwenye mwanga, unatakiwa uone duara kamili.

Mzee wa Jenereta

Mimi huwa naweka vile vidonge vya kuzuia nondo vya kabatini, viwili kwa tenki, inavuta vizuri sana.

Fundi_Kijiweni

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote nakuomba uache hiyo. Naftalini ya hivyo vidonge inayeyuka kwenye petroli kweli, ila petroli ikipaa kwenye kabureta yenyewe inarudi kuwa chenga chenga na zinakaa kwenye jeti hiyo hiyo. Nimezifungua za namna hiyo nyingi.

Mama Bustani

Nyongeza yangu ni petroli mnayonunua. Huku vijijini tunauziwa ya chupa na hujui imechanganywa na nini. Vinasaba, ile alama ya siri inayowekwa kwenye mafuta, vilianzishwa na mamlaka ya EWURA 2010 kwa ajili ya wachakachuaji lakini hiyo ni kwenye vituo, chupa ya barabarani nani anaipima? Mimi nadondosha tone kwenye karatasi nyeupe naiweka kivulini, petroli safi inakauka haiachi kitu, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Dawa gani itatoa mafuta ya taa kwenye petroli? Hamna.

Mbeba_Box_Minnesota

Huku nilipo Marekani mashine ya kukata majani inalala kipindi chote cha baridi, na petroli yetu nyingi ina ethanoli asilimia 10 ambayo inanyonya maji, kwahiyo kihifadhi ni lazima kwa kweli. Natumia STA-BIL, kipimo mil 30 kwa lita 9 na nusu, nimeona matokeo miaka yote. Ila kaka kama unaweza kukausha kabureta kausha, funga koki acha injini inguruma mpaka izime yenyewe, halafu legeza ile skrubu ya pembeni ya bakuli yadondoke yaliyobaki. Haigharimu kitu. Ndugu zetu wa Malawi wanachanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982, wao hili wanalijua vizuri.

Baharia_Bwagamoyo

Wenye mashine za tu-stroki, zile za kuchanganya oili kwenye petroli, msisahau, hizo dawa si oili! Kuna kijana aliweka dawa akidhani inalainisha, pistoni ikakwama baharini na upepo umebadilika. Kama mashine yako imeandikwa 50 kwa 1 ni mil 20 za oili ya tu-stroki kila lita, pima kwa bomba la sindano usikadirie kwa kifuniko.

Mkulima_Ruvu

Wakuu nimerudi. Fundi Mungu akuzidishie. Nimefungua bakuli chini kuna tope la kahawia lina harufu kama rangi iliyochacha, jeti nikiielekeza juani naona kinukta kama cha kalamu na pembeni kumeota utando. Nimeiloweka usiku kucha, asubuhi nikapitisha uzi wa waya, duara likatoka. Nimeweka petroli mpya ya kituoni lita 2, mvuto wa pili imewaka, choki nimerudisha haijazima, nimesimama pale dakika nzima naisikiliza tu.

Swali moja: ile petroli ya zamani lita moja na kitu yenye dawa nifanyie nini?

Fundi_Kijiweni

Usiimwage shambani wala mtoni. Hifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na jiko na watoto, tumia kuoshea spea chafu nje penye hewa. Na badilisha oili ya injini leo leo, lita 0.6 inatosha, maana hiyo imelala tangu mwezi wa tatu.